Begi Lisilo na Nafasi ya Mtu

Zephania hakuteleza. Hilo liwekwe wazi tangu mwanzo, maana baadaye watu walisema aliteleza, na dada yake akawaacha waseme. Kilichomwangusha ni begi.

Ilikuwa saa tano asubuhi, mwezi wa sita, msituni juu ya Vudee, ukungu umeshuka mpaka mtu haoni viatu vyake. Zephania alikuwa anavuka gogo lililolala juu ya korongo. Mgongoni alibeba kilo kumi na mbili: droni, kamera mbili, lenzi nne, betri na rimoti. Begi lenyewe lilikuwa la gamba gumu jeusi, linang'aa, zuri kulitazama, na halikuwa na mkanda wa kiunoni. Alipoinama kushika tawi, mzigo wote ulihamia bega la kushoto. Mshono wa mkanda ukaachia. Begi likazunguka, likamgonga ubavuni, na mtu na mzigo wakaenda chini pamoja.

"Zephania!" Jenifer alipiga kelele.

Kimya. Kisha sauti ikatoka chini. "Nipo. Mguu, dada. Mguu umeenda upande."

Jenifer alishuka kwa makalio akishika mizizi, viganja vikichubuka. Chini kabisa alimkuta mdogo wake amekaa kwenye majani yenye umande, uso umempauka, muundi wa kulia umepinda pasipopaswa kupinda. Begi lilikuwa pembeni yake, zima, halina hata mkwaruzo. Na nisikufiche kitu: kabla hajaugusa ule mguu, Jenifer alifungua zipu aangalie lenzi.

Zephania alimwona. 

Sasa tuseme ukweli kuhusu hilo begi. Siku nne kabla, ndugu hawa wawili, wapiga picha za harusi wa Same mjini, walikuwa katika duka la Muhidin karibu na stendi. Jenifer ndiye mkubwa, ndiye mwenye studio, ndiye mwenye neno la mwisho. Alimwaga vifaa vyote mezani ili begi lipimwe navyo. Muhidin akaleta mabegi mawili. La kwanza lilikuwa la kitambaa cha kijivu, limekaa kama gunia, lakini lilikuwa na mkanda mpana wa kiunoni, kifuniko cha mvua, mfuko wa chupa kila upande, na juu limeachwa nafasi tupu. La pili ni hilo la gamba.

"Dada, mnabeba garini au mlimani?" Muhidin aliuliza.

"Wewe uza. Maswali waachie polisi."

"Nauliza kwa sababu mlimani uzito unatakiwa ukae kiunoni, siyo mabegani. Hili la gamba halina..."

"Hili la gamba haliingizi maji. Umesema mwenyewe."

"Hilo kweli. Hata likitumbukia mtoni, linaelea. Lakini..."

"Basi."

Zephania alilijaza lile la gamba, kila lenzi katika chumba chake, akalifunga, akalitazama. "Dada, hili begi halina nafasi ya mtu."

"Mtu gani tena?"

"Mtu anayelibeba. Maji yake, koti lake, tochi yake. Humu vifaa tu ndivyo vimepangiwa vyumba."

"Wateja wakituona na hilo gunia watadhani tumekuja kuuza mahindi," Jenifer alisema, na shauri likaishia hapo. Inakera kweli. Muuzaji amemweleza, mbebaji amemweleza, na yeye mwenyewe habebi!

Na hilo siyo baya kuliko yote. Asubuhi ya safari walipanda na pikipiki yao hadi barabara inapoishia. Bibi harusi mmoja wa Suji alitaka video yake ianze na milima ikionekana kutoka angani, na Jenifer alikuwa amemwahidi. Zephania, kwa ubishi wake, alikuwa amefunga chupa ya maji na koti la mvua kwa kamba juu ya begi. Alipoingia vichakani kujisaidia, Jenifer akaifungua ile kamba. Chupa na koti akavitia kwenye kikapu cha pikipiki, akavifunika kwa turubai, na mahali pake akafunga stendi ya kamera. Mdogo wake aliporudi, akamshikia begi alivae. Hakumwambia.

Wakati huohuo pembe ikalia kijijini. Ilikuwa siku ya msaragambo, watu wote wanatoka kuzibua mfongo, ule mtaro unaoleta maji kutoka chanzo cha mlimani hadi ndiva, bwawa la kijiji. Siku hiyo ukipita njiani mikono mitupu unapewa jembe, uwe mgeni, uwe mkwe.

"Tupite msituni," Jenifer alisema. "Hawa wakituona, tutashinda matopeni."

"Angalau tuwasalimie, wajue tumepanda."

"Zephania, usinichoshe."

Wakazunguka kwa juu, kimyakimya. Kwa hiyo walipokuwa chini ya korongo lile, mguu umevunjika na simu hazina mtandao, hakuna binadamu hata mmoja aliyejua waliko.

Jenifer alifanya kazi haraka, hasira zikimsaidia. Aling'oa sponji zilizotenganisha vyumba vya begi, akauzungushia mguu, akaweka miguu miwili ya stendi kama banzi, akafunga kwa mikanda ya kamera. Aliponyoosha mfupa Zephania aliuma kola ya shati, akatoa sauti ambayo dada yake hajawahi kuisikia.

"Maji," alisema baadaye, akihema.

"Hakuna."

"Niliweka chupa, dada. Na koti." Akafumba macho, anajaribu kukumbuka. "Au nimesahau kwenye pikipiki? Nisamehe. Mimi niliyepiga kelele za maji dukani, mimi huyohuyo nimeyasahau."

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Jenifer alifungua mdomo, na badala ya ukweli ikatoka hasira.

"Siku nyingine uwe makini," alisema.

Akarusha droni, labda itaonekana. Ilipanda mita thelathini ikamezwa na ukungu, na kwenye kioo cha rimoti hakukuwa na kitu isipokuwa weupe. Akaishusha, akaisonya. Kisha akatupa begi begani, akamshika mdogo wake makwapani, akamburuta kuteremka, hatua kwa hatua, mpaka visigino vyake vikaingia kwenye mtaro. Ulikuwa umejichimbia ubavuni mwa mlima, kina cha magoti, na ndani yake upepo haukufika. Alimlaza humo. Chini ya mtaro hakukuwa na hata tone.

"Ona! Hata mfongo wao umekufa!"

Zephania alipapasa udongo. Yeye alilelewa na bibi yao hukohuko Vudee hadi darasa la saba, wakati Jenifer anasoma mjini. "Haujakufa," alisema. "Hizi ni alama za jembe, mbichi kabisa. Wamepita hapa asubuhi. Wamefunga maji kule chanzoni ili wazibue. Wakimaliza, mtu anakwenda kufungua. Wengine wote wanakaa ndivani kungoja yafike."

"Mbali?"

"Ndiva? Kwa mtu mwenye miguu mizima, saa moja. Fuata mfongo tu."

Jenifer aliufuata. Baada ya hatua kama mia mbili mlima uliisha. Maji hupitishwa pale juu ya mwamba kwa gogo lililochongwa mfereji, jembamba, lenye ukoga, na chini yake ni ukungu mtupu. Aliweka mguu mmoja. Ukateleza. Alijaribu kwa kutambaa, gogo likalia, akarudi nyuma. Alipaza sauti mpaka koo likauma. Mwamba ukamrudishia sauti yake mwenyewe. Alirudi akijitukana kwa maneno ambayo mama yake asingependa kuyasikia.

Alimkuta Zephania ameacha kutetemeka, na hiyo haikuwa habari njema: mwili ulikuwa umechoka kupambana na baridi. Midomo ilikuwa ya kijivu, shati limelowa. Alianza kuzungumza taratibu, kama mlevi anayejitahidi asionekane.

"Nisamehe kwa koti, dada. Ningelileta, tungejifunika wote."

"Nyamaza."

"Hata wewe unasikia baridi kwa ajili yangu."

"Nimesema nyamaza!"

Alivua sweta lake, akamvisha, akamkumbatia kwa nguvu kutoka nyuma.  Alimkasirikia Muhidin, akamkasirikia bibi harusi wa Suji, akaikasirikia milima. Wote hawa hawakuwa na kosa na yeye alijua. Huyu mtu angeweza kufa mikononi mwake kabla ya jioni, akimwomba msamaha.

"Begi," Zephania alinong'ona.

"Begi limefanyaje?"

"Muhidin alisema linaelea. Wakifungua maji... yatafika ndivani."

 Jenifer akalishika lile begi, akaligeuza, akalikung'uta. Kamera mbili, lenzi nne, betri, vyote vikamwagika kwenye tope. Katika mfuko wa ndani alipata risiti ya Muhidin. Akachukua penseli ya wanja, akaandika nyuma yake: MTU AMEVUNJIKA MGUU. TUKO KWENYE MFONGO, UPANDE WA JUU WA GOGO LA MWAMBANI. NJOONI. Akaitia ndani, akafunga zipu hadi mwisho. Akamtoa Zephania mtaroni, akamlaza kingoni. Wakangoja.

Maji yalifika saa tisa. Kwanza yalisikika, mkwaruzo wa majani makavu, kisha yakaja yenyewe, ya kahawia, yana povu na vijiti. Jenifer aliinama akanywa kama ng'ombe. Kifuniko cha lenzi kikawa kikombe. Akamnywesha mdogo wake vifuniko kumi, naye akitema mchanga kati ya kimoja na kingine. Kisha akaliweka begi majini.

Likaelea. Likaenda kwa fahari, likafika kwenye kona ya kwanza, likakwama.

"Shetani wewe!" Jenifer alilirukia. Akalipiga teke, likaenda hatua kumi likakwama tena. Alilifuata hivyo, akiteleza, akilisukuma kwa mguu wa stendi, akilitukana kila kona, mpaka kwenye lile gogo la mwambani. Hapo lilisimama kati, maji yakajaa nyuma yake yakaanza kumwagika pembeni. Jenifer alilala kifudifudi juu ya gogo, akajivuta, tumbo kwenye maji ya baridi, bila kutazama chini. Akanyoosha mkono na kile chuma. Akalisukuma. Begi likatikisika, likapita, likapotea ukunguni.

Walikuja baada ya saa moja na nusu, wanaume saba wenye matope mpaka mapajani. Mbele yao alikuwa Mzee Elirehema, msimamizi wa mfongo, na begi jeusi mkononi.

"Shikamoo, mzee," Jenifer alisema. 

"Marahaba. Tulidhani ni kobe." Aliuangalia mguu, akaangalia banzi, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akamgeukia Jenifer. "Mlipita wapi asubuhi, hatukuwaona?"

Jenifer aliinama, akakaza mikanda ya banzi.  Walifunga mipini ya majembe kwa magunia ikawa machela, wakamvusha Zephania kwa njia ya chini wanayoijua wenyewe, wakipokezana, bila kumwangusha hata mara moja.

Ndivani maji yalikuwa yamefika nusu. Wanawake waliwapa uji wa moto. Mama mmoja, Devotha, alimfunika Zephania kanga mbili, akamgombeza huku akimpuliza uji. "Nyie watoto mna wazimu? Mnapandaje mlima huu bila maji, bila koti?"

"Kosa langu, mama," Zephania alisema. "Nilivisahau kwenye pikipiki."

Watu wakaguna kwa huruma. Mwingine akasema vijana wa siku hizi, vichwa vyao viko kwenye simu. Jenifer alikuwa amesimama na bakuli lake. Angeweza kunyamaza. Asingejua mtu milele.

"Hakusahau," alisema.

Wakageuka.

"Alivifunga juu ya begi. Nilivitoa mimi, alipokwenda vichakani. Nilitaka nafasi ya stendi." Akaliweka bakuli chini. "Na njia ya msituni ni mimi. Niliikimbia pembe yenu."

Zephania alimtazama, uji haujamezwa. Siku nzima hakuwa amekasirika, si kwa begi, si kwa mguu. Sasa hasira ilimjaa taratibu, akausukuma uji pembeni.

"Siku nzima," alisema. "Umeniacha nikuombe msamaha siku nzima."

"Ndiyo."

"Nilikuwa nakufa, dada. Nakufa, na nakuomba msamaha."

"Najua."

Zephania alijivua sweta, taratibu, kwa maumivu, akamnyooshea. "Chukua sweta lako."

Jenifer alilipokea. Mzee Elirehema alivua koti lake mwenyewe lenye matope, akamfunika kijana, na wote wakasubiri gari la kumpeleka hospitali.

Mguu ulipona kwa miezi mitatu. Siku Zephania alipoacha magongo, Jenifer alimpeleka dukani kwa Muhidin. Hakumwaga kamera. Aliweka mezani chupa ya maji, koti la mvua, masweta mawili, tochi na kamba.

"Anza na hivi," alisema.

Muhidin alishusha lile begi la kijivu bila kufungua mdomo, jambo lililomgharimu sana. Vikaingia hivyo kwanza, kisha droni, kisha kamera moja. Lenzi ndefu haikupata nafasi, ikabaki nyumbani. Jenifer akalivaa begi mwenyewe, akakaza mkanda kiunoni.

Wamepanda tena Vudee mara nyingi tangu hapo, na pembe ikiwakuta njiani, jembe anachukua Jenifer. Begi anabeba yeye. Lakini kila wanaposhuka kwenye pikipiki, kabla ya hatua ya kwanza, Zephania hupita nyuma ya dada yake, akaitoa chupa mfukoni mwa begi, akaipima uzito mkononi, akairudisha. Jenifer husimama bila kugeuka, akamngoja amalize.