Mafiga ya Shieywe

Haya yalimpata rafiki yangu Lubanga, karani aliyevaa tai hata akienda chooni. Mwaka wa pili wa Uhuru alinunua nyumba mtaani Shieywe kwa bei nafuu, karibu na soko, kanisa na shule, watoto watembee tu. Majirani aliwaona washamba watupu.

Jikoni alikuta mafiga matatu ya marehemu mama wa aliyemuuzia. Akayang'oa, akayatupa mtaroni.

"Hiyo mafiga ya mama ya watu, mgeni haitoangi," jirani yake Mama Ayuma akamwambia. "Rudisha, ngoja mtoto wake akuje aitoe mwenyewe."

"Ndiyo maana mnazeeka na moshi machoni," Lubanga akambeza. "Mimi nina stovu."

Alasiri hiyo fundi alimwaga sementi jikoni, akailainisha, akaenda zake. Giza lilipoanza kuingia, Lubanga akiwa peke yake sebuleni, alisikia mtu akipuliza moto jikoni. Fuu. Kimya. Fuu.

"Risper, umefika?" akamfokea mkewe. "Utanikanyagia sementi, mjinga wewe!"

"Niko huku nje, Baba Ayub, nashusha mizigo," Risper akajibu kutoka barabarani.

Kule jikoni kupuliza kukakoma. Lubanga akachukua taa, akasimama mlangoni. Sementi ilikuwa bado mbichi, haina alama hata ya unyayo mmoja. Katikati yake yalisimama mafiga matatu, na kati ya mafiga makaa yalikuwa mekundu.