Uzi Mweusi Kwenye Jalada

Hakuna anayeijua hadithi hii kuliko mimi. Kila neno lililosemwa ninalo kichwani. Isipokuwa pale ambapo sikuwepo, ambapo ni karibu kote, na pale nilipokuwepo nikasinzia. Haya, sogeeni.

Asubuhi hiyo geti la bunge lilifurika. Mawakili, waandishi wa habari, wenye mabango na waliokuja kushangaa tu, wote foleni moja, wakisubiri kupekuliwa. Kamati ilikuwa inajadili muswada wa kuiweka Bodi ya Malalamiko chini ya waziri wa polisi. Yaani bodi iliyoundwa kuwachunguza polisi ikaombe ruhusa kwa mkubwa wa polisi. Katika foleni hiyo alisimama Mpelelezi wa bodi, kijana mrefu, koti la kijivu limepigwa pasi mpaka linang'aa, na kifungo cha katikati hakipo.

"Kaka, unakwenda kuitetea nchi tumbo wazi?"

Akageuka. Blauzi ya zambarau, miwani kichwani, kitambulisho cha bunge shingoni.

"Kimedondoka sasa hivi." Alikuwa nacho kiganjani.

"Lete."

Yule binti akatoa sindano na uzi mweusi mkobani, akashona pale pale, watu wakisukumana, yeye hana habari nao.

"Unafanya kazi wapi?" aliuliza bila kuinua macho.

"Bodi ya Malalamiko."

Sindano ikasimama kidogo. Kisha akazungusha uzi mara tatu, akapiga fundo dogo kama punje ya ufuta, akaukata kwa meno, karibu kabisa na kifua cha mtu aliyekuwa ameacha kupumua.

"Nani kakufundisha?" Mpelelezi aliuliza pumzi iliporudi.

"Baba."

"Ni fundi cherehani?"

"Anafuga kuku," alisema, akaifunga zipu ya mkoba haraka.

Binti alikuwa mpiga chapa wa kamati. Neno likimtoka mheshimiwa kinywani, lilipita vidoleni mwake kabla halijaingia kwenye taarifa rasmi. Mpelelezi akamwita Vidole. Yeye akamwita Kifungo. Na simu zikaanza.

"Umekula, Kifungo?"

"Nimekula maneno ya wabunge wako."

"Wangekuwa wangu ningewafundisha kumaliza sentensi."

"Na mimi ni wa nani?"

"Wewe bado uko kwenye matengenezo, mpenzi. Kata simu, mwenyekiti ananitolea macho."

Miezi mitano ikapita hivyo, na muswada nao ukisogea. Juu ya meza ya Mpelelezi kulikuwa na jalada la fundi redio mmoja, mtu aliyeingia kituoni kwa miguu yake akatoka amebebwa, amefunikwa. Kila Jumatatu mke wake alikuja, akakaa kwenye benchi la mapokezi, akauliza neno moja tu: "Bado?"

Nguvu yote ya jalada hilo ilikuwa barua isiyo na jina. Mtu wa ndani ya kituo alitaja akina nani walikuwa zamu, na saa ngapi kilio kilisikika, na saa ngapi kilikoma. Karatasi zake mbili hazikubanwa kwa pini. Zilishonwa kwenye pembe kwa uzi mweusi. Kifungu cha tisa cha muswada kilitaka barua zote za bodi zifunguliwe kwanza ofisini kwa waziri. Mpelelezi kila akikisoma alimwona mwandishi yule asiye na jina akisubiri kugongewa mlango.

Sasa, bodi ilikuwa na utaratibu wake. Kila mwaka mfanyakazi alijaza fomu: una ndugu, mchumba au mkwe mwenye uhusiano na polisi? Mpelelezi aliandika "Hapana" kwa herufi kubwa.

Siku aliyoitwa kutoa ushahidi, mheshimiwa mmoja mwenye suti ya bluu alimwinamia. "Mnasema mko huru. Wewe mwenyewe, kijana, huna mtu wa karibu mwenye ndugu polisi?"

"Sina, mheshimiwa. Na iandikwe hivyo."

Kule mezani vidole vilisimama. Ukumbi mzima ukasikia kimya chake.

"Mpiga chapa, tuko pamoja?" mwenyekiti aliuliza.

"Tuko pamoja, Mwenyekiti." Akaliandika jibu.

Vidole alimsubiri kwenye ngazi za nyuma, miwani mkononi, macho mekundu.

"Baba hafugi kuku," alisema.

"Anafuga nini?"

"Ni sajini." Akakitaja kituo. Kilikuwa kile kile cha fundi redio.

Mpelelezi akashika ukuta. "Umeniacha niseme uongo mbele ya kamati."

"Na nikauandika kwa mikono hii. Unadhani haikuniuma?"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uliposema Bodi ya Malalamiko, nikajua nikitamka polisi hutageuka tena kunitazama."

"Ungejaribu uone!"

"Nimejaribu kila siku, Kifungo. Kila siku nasema leo, halafu unacheka, nasema kesho."

Mpelelezi akashuka ngazi. Jioni akazima simu. Alipoiwasha kesho yake alikuta ujumbe mmoja tu: "Shahidi ana siku tatu kusahihisha kauli yake. Fomu ziko dirisha namba nne."

Wengine hupata mashairi. Yeye alipata huo, akausoma mara ishirini.

Akinyamaza, hakuna atakayejua. Akisema, yule wa suti ya bluu atainua karatasi juu: tazameni, hawa wachunguzi wanalala nyumba moja na wanaochunguzwa! Na barua ya mtu wa ndani itakwenda kwa waziri. Lakini Jumatatu ikafika, mjane akakaa kwenye benchi, akauliza, "Bado?" na Mpelelezi akashindwa kumtazama usoni. Ilikuwa siku ya tatu. Akalikabidhi jalada kwa mwenzake, akaenda dirisha namba nne.

Suti ya bluu ikapiga kelele kama ilivyotarajiwa. Karatasi ikainuliwa, meza zikagongwa. Ndipo akasimama mbunge mama mmoja, wa siku nyingi, kilemba cheusi, sauti ya chini.

"Mwenyekiti, nina miaka kumi na minne humu. Wangapi tumesema uongo kwenye viti hivi? Sijawahi kumwona mtu dirisha namba nne. Huyu kajishtaki mwenyewe, hakusubiri kukamatwa. Siku akiwa chini ya waziri, atajishtaki kwa nani?"

Kifungu cha tisa kikaanguka kwa tofauti ya kura tatu, na muswada wote ukaanguka nacho. Mpelelezi akapewa barua ya onyo, akahamishiwa masjala kupanga majalada ya zamani. Vidole alimkuta huko, mavumbi mpaka kwenye nyusi.

"Nimekuja kuomba radhi," alisema.

"Iandike."

"Nimeiandika. Ina kurasa sita."

"Wewe huna ufupi?" Akacheka, ingawa hakutaka. Kisha akaacha kucheka. "Vidole. Nataka kumwona huyo mfuga kuku."

Wakaenda Jumapili mchana. Sajini aliwapokea kwa shati jeupe lililofungwa mpaka shingoni, uso kama ukuta wa kituo. Mgeni akamiminiwa chai kwanza. Mpelelezi akasema alichokuja kusema, akakiri na dirisha namba nne.

"Binti namkubalia achague," Sajini alisema. "Lakini ujue, kijana, hiyo bodi yenu siipendi. Wachongezi watupu! Mimi sijawahi kuiandikia hata barua ya salamu, na sitaiandikia."

"Baba, basi," Vidole alisema.

"Niache. Nina maswali yangu, nimeyaandika." Akamsukumia mgeni karatasi mbili.

Zilishonwa kwenye pembe kwa uzi mweusi. Mizunguko mitatu, na fundo kama punje ya ufuta. Mkono wa Mpelelezi ulipanda wenyewe mpaka kwenye kifungo cha katikati cha koti.

"Karatasi zako unazishona mwenyewe, mzee?"

"Tangu kituo kiishiwe pini. Fundo hili tunalijua wawili tu, mimi na huyu binti." Sajini akasita. "Kwa nini?"

"Nimelipenda tu, mzee. Ni fundo la mtu jasiri." Akaigeuza karatasi, akaanza kusoma swali la kwanza.

Sajini akainua kikombe, akanywa taratibu, macho dirishani. Akanywa tena.

"Baba," Vidole alisema, "hicho kikombe sijakimiminia bado."