Koti la Kijani Kutoka Mtaa wa Kongo

Msukumano wa Mtaa wa Kongo ndio uliomwangusha Abdulatif juu ya belo la mitumba la Badria. Alikuwa mwendesha winchi bandarini, kijana mrefu wa shati jeupe, na kazini walikuwa wanampeleka Ufini kwa mafunzo ya miezi sita. Akaomba radhi, kisha akaulizia koti la baridi. Badria, dera la njano na ulimi usiolala, akamchagulia la kijani, zito, lenye manyoya shingoni, akamfunga vifungo kwa mikono yake. Tangu hapo Abdulatif hakukosa kupita kwake jioni hata moja hadi siku ya safari.

Huko Ufini alimpigia kila siku. Alimsimulia soksi tatu alizovaa kwa mpigo, barafu aliyotelezea mbele ya watu, jua linalozama saa tisa alasiri. Badria alimcheka, kisha alimkumbuka kwa uchungu.

Januari ikaja picha. Abdulatif kavaa koti jeusi jipya, pembeni yake mwanamke anacheka. Akiulizwa la kijani liko wapi, anabadilisha mazungumzo. Wiki hiyohiyo familia ya Twaha, mwenye duka la vitenge, ikaleta barua ya posa, na mama yake Badria akataka jibu Ijumaa.

Mwingine angelia. Badria alifunga biashara mapema, akapiga simu.

"Latifu, nataka ukweli sasa hivi. Watu wananiposa."

"Lile koti ni la kike, mpenzi. Vifungo vyake viko kushoto. Nimelivaa wiki saba wakinicheka, mpaka msimamizi wangu, huyo mama wa kwenye picha, akanipeleka dukani. Ningekuambiaje, na wewe unajisifu unaijua nguo hata gizani?"

Badria aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Miaka tisa ya mitumba!

"Kwenye koti nilikosea," alisema. "Kwako je, nimekosea?"

"Hujakosea."

"Basi leta wazee kabla ya Ijumaa."

Alhamisi, baada ya swala ya alasiri, mzee Abdulrazak, baba mkubwa wa Abdulatif, alifika na barua. Mama akamuita bintiye mbele ya wazee, akamkumbusha kwamba Twaha yupo hapa, na huyu mwingine harudi mpaka Aprili. Kwa desturi mwari hunyamaza, na ukimya wake huwa ndilo jibu la kukubali. Badria hakunyamaza.

"Barua ya Twaha irudishwe kwa heshima, mama. Mimi namngoja Latifu."