Anayekinga Maziwa

Pipa lilinukia maziwa ya mama. Haukuwa ule uchachu wa maganda ya mihogo ambao Immakulata aliuzoea. Ilikuwa harufu tamu ya uvuguvugu, ileile iliyokuwa kifuani mwake tangu amzae Anania. Alipomwambia mumewe, Marcel alicheka, akasema si ajabu, kwani hata hiyo asidi wanayoichachusha huitwa asidi ya maziwa.

Karakana yao ilikuwa uani, pembezoni mwa Kasulu. Walichemsha maganda ya mihogo na ndizi, wakayatia mapipani pamoja na chokaa, wakawaachia bakteria kazi. Asidi iliyopatikana ilinunuliwa na wasindika vyakula. Bakteria walipolegea, Marcel alikwenda Mtabila, ilipokuwa kambi ya wakimbizi, akachota maji kwenye shimo la zamani la kuvundikia mihogo. Yalikuwa yakitoa povu, ingawa pale hapakuwa na mtu aliyevundika chochote kwa miaka. Aliyamimina pipani, pipa likachachuka siku hiyohiyo.

Siku hiyohiyo matiti ya Immakulata yakakauka.

Hospitalini hawakuona kasoro. Mtoto alitema uji, akatema maziwa ya kopo, mashavu yakabonyea, kilio kikafifia kama cha paka aliyefungiwa. Na kila alipolia, pipa liliguguma. Mchana mmoja, jua likiwa utosini, Immakulata alifunua kifuniko akaona povu limejikunja kama kiganja kinachokinga, na kabla hajapiga kelele maziwa aliyodhani hana yakaanza kumtoka, yakalowesha kanga, yakadondokea mle tone baada ya tone, na miguu ikakataa kumrudisha nyuma, na mtoto akilia ndani, akilia, mpaka Marcel alipokuja kumvuta.

Walimfuata Theodosia, mganga wa Kasanda. Bibi aliwasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama waliyaomba yale maji.

"Tungemwomba nani, bibi?" Marcel akasema. "Lilikuwa shimo tu."

"Lina mwenyewe. Naye hanywi maziwa ya mkeo, anayakinga. Anataka kunyonyesha."

Immakulata alimshika bibi miguu, akamsihi amwokolee mwanawe.

Kesho yake wakamwacha Anania kwa jirani yao, Claudine, wakalipeleka pipa zima Mtabila kwa gari la kukodi. Theodosia aliimba kwa Kiha, sauti ya chini kama ya kubembeleza. Immakulata alipiga magoti kwenye matope akaomba radhi. Walipoyamwaga maji ya pipa, ardhi ikayanywa yote mara moja, na povu likafa.

Njiani kurudi, maziwa yakamjaa kifuani hata akaumia. Alilia kwa furaha. Gari halijasimama vizuri, akaruka, akakimbilia kwa Claudine.

Claudine alikuwa mlangoni akichambua maharage. Alimwonyesha ishara anyamaze.

"Usimwamshe. Si ametoka kunyonya sasa hivi?"

"Kanyonya kwa nani?"

Claudine alimtazama, tabasamu likamfifia taratibu. "Kwako, mama Anania. Umepita hapa, hata salamu hukunipa. Nikadhani ni uchovu."

Immakulata aliingia. Mtoto alikuwa macho, tumbo limejaa ndindindi, maziwa yakimchuruzika kidevuni. Alimnyanyua, akampa titi. Anania aligeuza uso, akaitazama kona tupu ya chumba, akanyoosha mikono abebwe.