Ukuta wa Kati

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Talitha alifagia baraza ya nyumba yao katika mtaa wa zamani wa reli, mjini Kamina, Kongo. Nyumba za mtaa huo zilijengwa kwa matofali mekundu enzi za Wabelgiji, mbili mbili, kila jozi ikishiriki ukuta mmoja wa kati. Kwa kuwa zilihifadhiwa kama kumbukumbu ya mji, hakuna aliyeruhusiwa kuzibadilisha bila kibali cha ofisi ya urbanisme, inayosimamia ujenzi mjini.

Lakini siku moja vumbi jekundu halikuisha. Lilitoka sebuleni, ambako baba yake, mwalimu Gamaliel, alikuwa anabomoa ukuta wa ndani huku amefunga mapazia yote. Alitaka sebule kubwa kwa ajili ya harusi ya Shekina, dada yake Talitha.

"Papa, kibali kimetoka?"

"Wanachelewa mno, na harusi haingoji. Mtu akikuuliza, sema tunapaka rangi."

Talitha alikwenda shule na moyo mzito. Aliporudi mchana, nyundo ilikuwa bado inagonga. Mama Priscille wa urbanisme alikuwa amesimama barabarani, anasikiliza.

"Mutoto, munafanya nini mule ndani?"

"Tunapaka rangi, mama."

Mama Priscille alitazama vumbi lililotanda barazani, kisha akamtazama Talitha. "Nitarudi kusema na papa yako," akasema, akaenda zake polepole.

Mara sauti dhaifu ikamwita kutoka nyumba ya jirani. Alikuwa Dorothée, bibi kizee ambaye wote walimwita Kambo, yaani bibi, na ambaye miguu yake ilikuwa imekufa ganzi. Alilala kitandani, kando ya ukuta wa kati.

"Mujukuu, angalia. Ukuta huu iko unalia tangu asubuhi."

Talitha aliingia, akainua macho. Ufa ulikuwa umepanda toka sakafuni hadi darini. Kila nyundo ilipogonga upande wa pili, mchanga ulidondoka juu ya blanketi. Kisha nyundo ikanyamaza, lakini mchanga ukaendelea kudondoka.

Alitoka mbio, akamfikia Mama Priscille kwenye kona.

"Mama, nimekudanganya! Papa anabomoa ukuta, na upande wa Kambo unapasuka!"

Mama Priscille aligeuka naye. Walikimbia, wakamwita Gamaliel kwa kelele. Alikuja mbio, na alipoona ule ufa, akaitupa nyundo. Akambeba Kambo mgongoni, wakatoka wote.

Walikuwa hawajavuka ua waliposikia mlio mkavu, kama mti unaokatika. Ukuta wa kati ukaporomoka. Vumbi lilipotulia, kitanda kilikuwa kimefunikwa na matofali.

Gamaliel alimtua Kambo chini, kisha akaketi kando yake.

Harusi ya Shekina ilifanyika uani, chini ya turubai. Baadaye, kibali kilipotoka, waashi waliujenga ukuta upya chini ya macho ya Mama Priscille. Muda wote huo Kambo aliishi kwao, akilala chumbani kwa Talitha. Jioni moja Gamaliel alizungumza mbele yao wote.

"Nilidhani sheria ile inalinda matofali ya zamani tu. Kumbe ukuta wangu wa ndani ulikuwa unaushika ule wa kati pamoja na nyumba ya Kambo, nami sikuuliza. Baya zaidi, nilimpa mwanangu uongo aubebe." Akamgeukia Talitha. "Mkubwa akikuagiza kudanganya, hata akiwa mimi papa yako, usimtii. Uliposema kweli ulinivunjia heshima kidogo, lakini Kambo yuko hai."

"Niko, na njaa pia," Kambo akasema, na Talitha akaenda kusonga bukari, ugali wa jioni hiyo.