Beji Tatu Nilizompatia Angelina

Habari niliisikia kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Mama Stumai, jirani yangu hapa Viwanja Sitini, aliniinamia sikioni kwa sababu mashine ilikuwa inanguruma.

"Umesikia ya skauti? Kamishna anakuja mwezi wa tano. Mtoto asiye na beji nne anavuliwa skafu mbele ya shule nzima."

"Nani kasema?"

"Watu wanasema. Tena jina la mama yake linasomwa."

Nilicheka, lakini maneno yale yalinikaa kichwani. Nikipepeta mchele nayasikia. Nikilala nayasikia. Shule haiko mbali na kwangu. Ningeweza kwenda kumuuliza mwalimu nikarudi kabla maharage hayajachemka. Sikwenda.

Mwanangu Angelina ana miaka tisa. Yuko kwenye skauti wa watoto wadogo, wale wanaoitwa kabu. Skafu yake anaipenda kuliko nguo ya Krismasi. Wakati ule alikuwa na beji moja tu, ya usafi. Hiyo aliipata mwenyewe, kwa kufagia na kuosha vyombo mwezi mzima.

Beji zinapatikana hivi. Mwalimu Beatus, kiongozi wao, anampa mtoto daftari lenye kazi za kufanya. Mtoto anazifanya nyumbani. Mzazi anaangalia, kisha anaweka sahihi. Mwisho mwalimu anampima mtoto.

Mimi niliona mtoto anachelewa. Kazi ya bustani nikaifanya mwenyewe. Nilipanda mchicha yeye akiwa darasani, nikaumwagilia, nikaweka sahihi. Mafundo ya kamba nikayafunga mimi, nikayapigilia kwenye ubao, nikaweka sahihi.

Ikabaki beji ya huduma ya kwanza. Daftari lilisema mtoto afanye mazoezi wiki mbili. Aoshe jeraha, afunge bendeji, apoze kwa maji mahali palipoungua. Wiki mbili! Nikaandika majibu kwenye karatasi, nikamkaririsha.

"Swali la kwanza?"

"Damu ikitoka puani, kaa, inamisha kichwa mbele, bana pua."

"La pili?"

"Mtu akiungua, mmwagie maji safi ya baridi dakika ishirini. Mama, twende bombani tufanye kweli?"

"Maji yenyewe yanakatika kila siku, uyamwage bure? Sema la tatu."

Akasema la tatu. Siku ya kupimwa watoto walikuwa wengi, na mwalimu aliuliza maswali kwa mpangilio uleule wa daftari. Angelina akayajibu yote bila kukwama. Jioni nikamshonea beji begani. Nilijisikia kama nimepewa mimi.

Mwezi wa tano mpunga ulianza kuiva na ndege wakashuka. Kila mwaka wakati huo naenda shambani bondeni kuamia ndege, kutwa napiga debe na kupiga kelele. Baba Angelina, Melkiori, anakuwa kijiji cha Mofu kwenye uvuvi. Watoto huwa nawaacha kwa Mama Stumai. Mwaka ule, Jumamosi asubuhi, nilimpita pale mlangoni kwake.

"Leo huniletei Tadei?" akauliza. Tadei ni mdogo wake Angelina, ana miaka mitatu.

"Wapo nyumbani. Dada yake ana beji ya huduma ya kwanza. Atamwangalia."

"Heee! Basi na mimi nikiumwa mgongo nije kwa daktari wako?"

"Njoo tu, lakini upange foleni."

Tukacheka. Nikapanda baiskeli nikaenda zangu.

Simu ililia saa tano. Alikuwa Mama Stumai.

"Mama Angelina, acha hao ndege. Tadei ameungua. Tuko hospitali."

Angelina alikuwa ameinjika uji kwenye jiko la mkaa. Aligeuka kuchukua bakuli. Tadei akavuta sufuria, uji ukamwagikia mkono wa kulia. Angelina hakumwaga maji. Alikimbilia dawa ya meno, akampaka mkono wote, kisha akaufunga na kitambaa cha jikoni. Mama Stumai alisikia kilio, akaja kuchungulia. Angelina akamwambia, "Nimeshamtibu. Nina beji." Mama Stumai akarudi kwake. Mtoto hakunyamaza. Baada ya saa nzima ndipo jirani alipokuja tena, akambeba hadi hospitali.

Hospitalini nilimkuta muuguzi mmoja, Dorotea, anaibandua ile dawa ya meno taratibu. Tadei alikuwa analia mpaka sauti imekauka.

"Nani amempaka hii?" akauliza.

Angelina akanyoosha mkono, kama yuko darasani.

"Mwanangu, hukufundishwa kumwaga maji?"

"Nilifundishwa. Mwalimu nilimwambia maji." Kisha akanigeukia mimi. "Lakini mama akiungua huwa anapaka dawa ya meno."

Ni kweli. Miaka yote nikiguswa na sufuria napaka dawa ya meno, na yeye ananiona.

Dorotea hakunigombeza. Ningefurahi kama angenigombeza.

"Mama, sikiliza," alisema. "Mtu akiungua, joto linaendelea kula nyama ya ndani. Maji ya baridi yanalitoa. Siyo barafu. Maji safi ya kawaida, yanayotiririka, dakika ishirini. Wakati huo vua nguo na bangili kabla hapajavimba. Kama nguo imegandia, iache. Kisha funika kwa kitambaa safi, umlete hapa."

"Na dawa ya meno?"

"Inafungia joto ndani na inaleta uchafu. Mafuta, asali, unga, yai, vyote ni hivyohivyo. Na malengelenge msiyapasue."

"Kama angemwagiwa maji, mkono ungepona?"

"Ningekuwa mwongo nikisema ungepona wote. Ila ungeumia kidogo kuliko hivi."

Tulikaa wodini wiki tatu. Kidonda kiliingia uchafu. Kilipopona, vidole viwili vya Tadei vilibaki vimekunjika. Kila siku tunavinyoosha kama tulivyoelekezwa, na kila siku analia. Ndege walimaliza sehemu kubwa ya mpunga. Hilo sikulijali.

Tulipotoka, nilikwenda shuleni na daftari.

"Mwalimu, sahihi hizi tatu ni za uongo. Niliogopa mtoto atavuliwa skafu kamishna akija."

Mwalimu Beatus alinitazama. "Avuliwe skafu? Na nani? Hakuna kitu kama hicho, mama. Wengine wanakaa na beji moja mwaka mzima. Kwa nini hukuja kuniuliza?"

Nikamkabidhi daftari.

"Na mimi nina kosa," akasema. "Niliuliza kwa mdomo tu. Ilibidi nimwone anafanya kwa mikono."

Akanieleza namna ya kumsaidia mtoto. Mwonyeshe mara moja, kisha kaa pembeni. Akikosea, mwache akosee, halafu arudie. Baada ya siku chache mwambie ghafla, "Nimeungua mkono!" uone atafanya nini. Usiweke sahihi kabla macho yako hayajaona.

Angelina mwenyewe aliomba beji tatu zitolewe. Nilizifumua kwa wembe, naye ameshika shati. Hakulia. Alikuwa amekwisha kulia sana wodini, akijiita muuaji. Nilimwambia kosa ni langu. Namwambia hivyo mpaka leo, na sijui kama ananiamini.

Tulianza upya. Jioni nilimpa mkono wangu pale bombani, akaumwagia maji huku anaangalia saa ya simu. Yale maji yaliyobaki kwenye beseni tulimwagilia mchicha, na safari hii mchicha ni wake. Ilimchukua miezi minne kupata beji ya huduma ya kwanza.

Baada ya hapo, Stumai wa jirani aliungua na pasi ya mkaa. Mama yake akaja mbio kwetu anaomba dawa ya meno. Angelina akasema, "Hapana, mama mkubwa, maji!" Akamshika mkono Stumai chini ya maji ya bomba dakika ishirini bila kuuachia. Hospitali walisema amefanya sawa. Mkono ule hauna hata alama. Mimi nilishukuru Mungu, kisha nikaingia ndani, maana Tadei alikuwa anashindwa kushika kijiko.

Mama mwenzangu mwenye mtoto skauti, haya uyaepuke:

Usiamini habari ya mashineni. Nenda shule ukaulize.

Usifanye kazi ya beji kwa niaba ya mtoto, hata kama wenzake wamemtangulia.

Usimkaririshe majibu ya kitu kinachofanywa kwa mikono.

Usiweke sahihi kwa jambo ambalo hukuliona.

Usipake dawa ya meno, mafuta, asali wala unga mahali palipoungua. Wala wewe mwenyewe usijipake, mtoto anakuona.

Usimwachie mtoto wa miaka tisa moto na mdogo wake. Hata kama beji ni ya kweli.