Programu ya Maji Iliyozimwa

Mke wa mpiga chapa alikuwa dobi. Alifua mashuka ya hospitali, na kila asubuhi, kabla ya kugusa beseni, alitazama simu. Programu aliyoitengeneza mumewe ilimwambia maji yatatoka saa ngapi. Mtaa mzima uliitegemea.

Asubuhi hiyo simu ilionyesha maneno matano: "Imezimwa kwa kukosa leseni huria." Maji yalikuwa yametoka alfajiri, yakakatika. Mapipa yalikuwa matupu, mashuka sitini yalikuwa sakafuni, na hospitali iliyataka jioni. Dobi aliduwaa. Mumewe alishikwa na butwaa zaidi.

"Mbona sijamwibia mtu?" alisema.

Wakaenda kwa jirani yao, msimamizi wa seva ya jamii, yaani kompyuta inayotunza bure programu za watu wengi. Jirani alimuuliza mpiga chapa kama alisoma barua pepe tatu alizomtumia. Hakusoma. Alidhani ni matangazo.

Jirani akafungua programu. Juu kabisa paliandikwa: "Haki zote zimehifadhiwa." Mpiga chapa alieleza kwamba kila kitabu alichochapa kilikuwa na maneno hayo. Alidhani ndiyo adabu ya kazi.

"Shemeji, maneno hayo yanamkataza kila mtu," jirani alisema. "Sharti letu hapa ni leseni huria. Watu waruhusiwe kuisoma programu, kuitumia, kuinakili na kuirekebisha. Ulipougua ukalazwa, ratiba ilikosea siku nne. Kosa nililiona. Sikuwa na ruhusa ya kuligusa."

Dobi akamgeukia mumewe. Siku hizo nne alibeba maji kichwani kutoka mtaa wa pili, huku anamuuguza. Mpiga chapa aliona aibu. Aliuliza, kwa sauti ndogo, kama jina lake litafutwa.

"Halifutwi. Leseni tunayoitumia hapa inamtaka anayenakili aliache jina lako. Kazi inabaki yako."

Hapo hapo mpiga chapa akaweka leseni ndani ya programu, na maandishi yote yanayoiendesha akayaacha wazi yasomwe. Kabla ya saa sita programu ilirudi, ikatangaza maji ya mchana. Jioni mashuka yalifika hospitali yamekauka, isipokuwa mawili.

Mwezi uliofuata mpiga chapa aliugua tena, na saa za maji zikabadilika. Dobi alishika simu kwa hofu. Hakuamini macho yake: ratiba ilikuwa imesharekebishwa. Chini ya jina la mumewe palikuwa na jina la mtu wasiyemjua.

"Mume wangu, lala tu," alimwambia mgonjwa wake. "Kuna mtu amekufanyia kazi."